Tilapia Aliyefunga Mdomo

Wiki jana, kwa daktari wa meno, niliona samaki mwenye taya lililovimba ndani ya sanduku la kioo. "Huyo ni mgonjwa," akasema mama mmoja. Nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, sanduku letu alilitengeneza papa, baba yangu, kwa vioo vya dirisha, na nyumba nzima ilinuka mastiki, gundi ya kuzibia vioo. Humo nililea tilapia wawili, dume na jike, tangu wakiwa wadogo kama kucha yangu, kwa chembe za bugali na viluwiluwi vya mbu. Kisha jike akaacha kula, siku nyingi. Sababu niliijua: alinuna kwa kuwa maman alinichapa mbele yake.

Mchana ule mvua ilipiga mabati. Tonton, kaka yake maman, aliingia toka kijijini Nyantende, koti lake la abakosi limelowa, akainamia kioo.

"Hii samaki iko mugonjwa. Muipike leo, kesho itakufa."

Mgeni ameshasema. Maman akachukua kisu. Nikabandika mgongo kwenye kioo.

"Toka, mutoto."

"Sitoki."

"Unabishia tonton?"

"Tonton akule bugali na majani ya sombe. Huyu, hapana!"

Maman aliinua mkono, lakini tonton akaushika, akanyoosha kidole nyuma yangu. Jike alikuwa amefungua mdomo, na vitoto vilikuwa vinatoka humo, kimoja kimoja, vidogo, vyote macho tu.

Kumbe hakununa hata siku moja. Alikuwa amebeba watoto. Aliyenuna nilikuwa mimi. Na hata leo nikiwa mtu mzima, maman angerudi na kisu kile, ningenuna tena, palepale.