Papa alisema ni bahati, nikaifuta driver

Leo nimefuta kazi yangu mwenyewe, makusudi!

Wifi ya kompyuta ya biro, ofisi yetu ya intaneti, ilikataa. Fundi yuko Uvira, vita imefunga njia. Na mama mmoja aliyekimbia kutoka huko alikuwa anangoja kuwaandikia watoto wake.

Kwa mega za intaneti za simu yangu nikashusha driver ya Linux, programu ya kuendesha wifi, nikaikompaili, yaani kuijenga kutoka kodi yake. Makosa, ukurasa mzima! Nikasoma lile la kwanza tu: faili za kernel, kiini cha Linux, zilikosekana. Nikazishusha, mega zikaisha, nikakompaili tena, wifi ikawaka.

Papa Amisi, mwenye biro, akacheka: "Bahati ya mutoto mwanamuke."

Mimi, ninayeogopa hata kuitikia salamu, nikamwambia: "Papa, naifuta, naijenga tena mbele yako."

"Ngoja kwanza nitume, binti!" mama akapiga kelele.

Akatuma. Nikafuta, nikakompaili upya, ikawaka.

Papa akanipisha kiti.

Anayesema bahati, alete kompyuta yake.