Dume wa Mkolani na kiwele chake

Jamani, leo nimeaibishwa na ng'ombe niliyemchora mwenyewe!

Miaka ya tisini, maduka ya watu binafsi yakiota kila kona, nilichora dume kwenye ukuta wa bucha moja Mkolani. Nundu safi, pembe safi.

Halafu nikamwekea kiwele. Mimi, mtoto wa wafugaji!

Leo nimekwenda na rangi, nikakifuta kimyakimya.

Mama muuza nyanya akapiga kelele: "Wewe baba, unafanya nini?"

"Narekebisha, mama. Dume hana kiwele."

"Kwani hatujui? Sasa wageni tutawaelekezaje? Huwa tunawaambia, ukifika kwa dume mwenye kiwele, kata kushoto!"

Watu wakajaa. Nikakichora upya.

Wakanisimamia mpaka nikaandika na jina langu.

Mkiliona, semeni ni la mtu mwingine.