Mama hakujua nilikohamia

Admin, jina langu naomba libaki kwako, maana ndugu zangu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mkulima, nina mume na watoto wawili. Kwetu ni Nyakisasa, Ngara, ila niliolewa Biharamulo. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, sitaki watoto wanione nalia tena.

Kwa miaka sita tulipanga Biharamulo mjini kwa mama mmoja mtu mzima, mwenye roho nzuri. Mama yangu mzazi alikuwa na presha. Nilimwandikisha hospitali ya huku ili nimwangalie mwenyewe, na kila tarehe yake ya kliniki ilipokaribia alikuja kwangu, akalala siku mbili tatu, kisha akarudi Nyakisasa. Kwenye faili lake, pale wanapoandika ndugu wa karibu, palikuwa na jina langu, mtaa tuliopanga na namba yangu ya simu. Mwanzoni mume wangu hakuwa na neno. Baadaye akaanza kulalamika kwamba mama anakuja mno, na kwamba nyumba anayojenga kijijini Nyarubungo ni ya mke na watoto wake, si wodi ya wagonjwa.

Mwaka huu baada ya mavuno tukahamia huko. Jamani, nilifurahi. Nilipeleka barua ya kule tulikotoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, akatuandika kwenye daftari lake. Nikamhamisha mtoto mkubwa shule, kadi ya kliniki ya mdogo nikaipeleka zahanati ya huku, nikajitambulisha kwenye jumuiya ya kanisa. Laini yangu haikushika mtandao vizuri, nikanunua nyingine. Kote nilibadilisha taarifa zangu, isipokuwa kwenye faili la mama. Na sikusahau. Mume wangu aliniambia, "Usimwelekeze bado. Tukae kwanza sisi wenyewe." Nikakubali, kwa sababu nilitaka amani kwenye nyumba mpya.

Mama hakuwa na simu. Nilimpata kupitia simu ya kaka yangu anayeishi naye jirani, nikamwambia tumehama, nyumba haijaisha, tarehe ya kliniki ikifika nitamfuata mwenyewe. Akauliza ni upande gani. Nikamjibu, "Ni ndani ndani huku mama, utapotea." Hakunibishia. Alisema haya mwanangu, Mungu aibariki hiyo nyumba, mimi nitaiona siku ukinileta. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Wiki moja kabla ya tarehe, kichwa kikamzidi. Alimuaga kaka kwamba anakuja kwangu, na kaka akaona ni safari kama zile za siku zote. Mama akaenda moja kwa moja kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga, aombe kuelekezwa ninakoishi sasa. Mama mwenye nyumba alimkaribisha ndani, akaenda kumletea maji, aliporudi akamkuta ameanguka chini na mdomo umepinda. Wakamkimbiza hospitali. Manesi walitafuta namba iliyo kwenye faili, haikupatikana. Mama mwenye nyumba akawaambia nimehama, hajui ni wapi hasa. Mama mwenyewe alikuwa hawezi tena kusema.

Siku ya tano mama mwenye nyumba alifika kwangu. Alikuwa amekwenda shule ya zamani ya mwanangu, wakamtajia shule aliyohamia, na huko ndiko alikoelekezwa nyumbani. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Alikaa kwenye mkeka, akaniambia mama amefariki jana jioni. Nilipoacha kupiga kelele akanitazama kwa hasira, akauliza, "Kwa nini hukuja mwanangu? Mumeo nilimwambia siku ya pili tu, tulikutana mnadani. Akasema mtakuja wote."

Mume wangu siku ile ya mnada alirudi na chumvi na sabuni. Alikula, akacheza na watoto. Hakusema kitu.

Nilikwenda kumchukua mama. Nesi aliyekuwa anaandika akaniuliza naishi wapi. Nikasema Nyarubungo. Akakata mtaa wa zamani kwa kalamu, akaandika Nyarubungo juu yake.

Tulimzika Nyakisasa. Kaka yangu alisema mbele za watu kwamba nyumba mpya imenipa kiburi, mama ametafuta mlango wangu kama mgeni na nimemwacha siku nne peke yake. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, anasikia yote.

Tuliporudi nikamuuliza kwa nini. Alilia, sijawahi kumwona analia. Alisema hakujua hali ni mbaya vile. "Nilijua ukienda utarudi naye," akasema. Kisha akapiga magoti, akaniomba nisiwaambie ndugu zangu, kwa sababu nikisema watoto watakosa wajomba na yeye hatakanyaga tena Nyakisasa. Tangu siku hiyo anaamka mapema, anachota maji, ananiletea chai. Siwezi kuinywa.

Misa ya arobaini ni wiki ijayo. Kaka ametuma ujumbe kwamba baada ya misa ukoo utakaa, na mimi nitajieleza. Nikisema ukweli, ndoa yangu imekwisha siku hiyohiyo. Nikinyamaza, nitabaki kuwa binti aliyemtupa mama yake. Na kibaya zaidi ni kwamba siwezi kumtupia mume wangu lawama zote. Mama aliniuliza kwa mdomo wake niko upande gani, na mimi ndiye niliyekataa kumwambia.

Wenzangu, hasa mliozika wazazi, nisaidieni kabla wiki haijaisha. Nisimame mbele ya ndugu zangu niseme yote, yake na yangu, au nibebe mwenyewe? Na huyu mwanaume, nitalalaje naye kitanda kimoja?