Nilivyorudisha Baridi Mlimani

Wakati wa Mdachi niliamini, kwa moyo wote na maini juu yake, kwamba barafu ya Wazungu ni baridi ya milima yetu ya Uluguru iliyokamatwa. Wazungu walibebwa kwa machela mpaka kule juu wakisema wanakwenda kupunga hewa. Kumbe wanaikamata baridi, wanaibana masandukuni mpaka inakuwa jiwe, kisha wanaitia kwenye vinywaji vyao. Ndiyo maana mvua zilikuwa zinachelewa kijijini kwetu Mlali. Aliyeniambia ni mjomba, na kwetu Waluguru baba unaweza kubishana naye kidogo, lakini mjomba akisema, basi.

Nami nilikuwa mtumishi katika hoteli ya Wazungu karibu na stesheni ya Morogoro. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe hata kunguru waliipisha njia. Nilibeba sahani sita kwa mkono mmoja. Siku za sikukuu, kumi na mbili. Wageni walishuka kwenye gari moshi, wakakaa barazani kutazama mlima, wakagonga glasi: leta barafu! Kila kipande nilichowatilia, nilijiona namwaga shamba la mama yangu.

Mpishi wetu alikuwa mzee wa Bagamoyo, na mchuzi wake ungeweza kumsahaulisha mtu kesi yake bomani. Kazi yote alinifundisha yeye.

"We mtu wa milimani," aliniambia, "sahani hiyo si jembe. Ishike kama unataka kuiposa."

"Nishaiposa, mzee, wazazi wake wamekataa."

"Wana akili hao."

Mwaka ule nyama iliharibika kwa joto, na bwana mwenye hoteli akamwambia mpishi mbele yetu sote: "Mara moja tena, unaondoka, na barua ya sifa hupati." Mpishi asiye na barua hakuna Mzungu ambaye angemwajiri. Tulilijua hilo sote, mimi wa kwanza.

Basi wakaja wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam kutazama milima. Kwa karamu yao samaki walitangulia na gari moshi, nguru wakubwa kama mitumbwi, pamoja na bonge la barafu ndani ya gunia la unga wa mbao. Vyote vikaingia katika kasha la bati ambalo ufunguo wake aliushika mpishi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alipokwenda msikitini alinipa ufunguo, kama alivyozoea, akasema, "Usifungue. Joto likiingia, mimi sina kazi."

Mlali hakukuwa na tone la mvua. Wazungu walikuwa wamelala baada ya chakula cha mchana, hoteli nzima inakoroma. Nikafungua kasha, nikajitwisha gunia, nikashika njia ya mto ushukao kutoka mlimani. Maji yalinichuruzika shingoni mpaka kwenye visigino. Nilidhani nitaganda nisimame pale njiani kama mlingoti. Nilipofika, lile bonge lilikuwa limebaki kama kichwa cha mbuzi. Nikalitia mtoni kwa heshima, nikaliambia: nenda nyumbani. Likaelea, likageuka, likaanza kuteremka kuelekea Kihonda. Nikalikimbilia majini na kanzu yangu nikiliita, "Siyo huko! Mlima uko huku!"

Jioni samaki walinuka mpaka stesheni. Bwana mwenye hoteli aliingia jikoni na uso mwekundu.

"Nani alifungua kasha?"

Mpishi alinitazama, mimi na kanzu yangu iliyolowa. Alidhani nilikuwa nimeiba kipande cha kunyonya nikasahau mfuniko, barafu yote ikayeyuka.

"Mimi, bwana," akasema. "Nilisahau kufunga."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na maneno, mimi ambaye hata usingizini nasema. Nikaishika sahani mikononi, nikanyamaza.

Alfajiri aliondoka na sanduku lake, bila barua. Kesho yake ikanyesha mvua, mvua gani! Vyura walitafuta pa kujibanza. Mjomba akaja na jogoo kunishukuru, tukamla wote. Nilimkumbuka mzee, lakini niliona kwamba kazi ya mtu mmoja na mvua ya nchi nzima si sawa, nikaongeza paja.

Lakini yule jogoo hakushuka vizuri. Kila nilipotumwa jikoni nilimkuta mpishi mgeni amesimama mahali pa mzee wangu. Miezi ikapita, ndipo niliposikia kwamba yuko Dumila, anakaangia wapita njia mihogo. Nikaenda kwa miguu. Nilimkuta amechuchumaa motoni, macho mekundu kwa moshi. Mtu aliyezoea kupikia watu wa vyeo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu wa milimani! Umekuja kuposa muhogo?"

Nikamwambia yote: mjomba, gunia, mto. Alinisikiliza akigeuza mihogo. Sikuthubutu kumtazama, lakini nilibaki na kitu kimoja cha kujikingia, nikakitoa.

"Lakini mvua ilinyesha, mzee. Baridi ilirudi mlimani."

Akaipua mihogo kwanza. Kisha akasema, bila hasira:

"Barafu ile ni maji ya kisima. Inagandishwa kwa mashine huko Dar es Salaam, nimeiona kwa macho yangu. Mvua ilinyesha kwa sababu masika yalikuwa yamefika."