Maneno Kutoka Wodini

Darasani kwangu, hapa Gatongora, Ruiru, somo halianzi kabla ya neno jipya. Kila siku ya shule mwanafunzi mmoja huliandika ubaoni, na wenzake wakiwa wanalijua, linafutwa naye anarudi kuketi akiona aibu kidogo. Sheria ni yangu na sijawahi kuilegeza. Watoto wa gredi ya tano wanaoongea Sheng kuanzia getini mpaka nyumbani hawahitaji mwalimu mpole.

Muhula uliopita msichana mmoja alitushinda wote. Mama yake alikuwa amelazwa Thika, naye akabaki na shangazi yake, muuza mboga wa hapa Ruiru. Kila jioni shangazi alirudi na habari za hospitalini, na msichana akamsumbua amweleze kwa Kiswahili sanifu, hata ikabidi shangazi awe anawauliza wauguzi. Kwa hiyo msichana akawa na maneno ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wenzake waliosahau kutafuta neno walimwachia zamu yao, nami nikajifanya sioni.

Alianza na "figo". Hakuna aliyelijua. Akaleta "usaha", kisha "upasuaji". Darasa lilimpigia makofi, nami nikampigia pia, maana alieleza kila neno bila kusitasita. Halafu asubuhi moja akaandika "mahututi".

"Ni mgonjwa sana, mwalimu," akasema. "Hata shangazi haingii kumwona."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilijaribu kutunga sentensi ya mfano nikashindwa, mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo. Tangu siku hiyo nikaanza kuogopa ubao wangu mwenyewe. Nilijua ni neno gani linaweza kufuata hapo, na sikutaka mtoto wa miaka kumi aje kulieleza mbele ya wenzake.

Wiki iliyofuata hakuonekana. Nilipompigia shangazi, nikaambiwa mteja hapatikani. Watoto wengine waliendelea kuleta maneno, na baadhi yalikuwa mazuri, lakini mawazo yangu hayakuwa pale.

Jumatatu akaingia, sare imepigwa pasi, akanyoosha mkono kabla sijaweka mkoba chini. Nilitamani kumwambia aketi. Nikampa chaki tu. Akaandika polepole: "ruhusa".

Darasa zima likapiga kelele.

"Mwalimu, hiyo tunajua!"

"Hiyo ni ya PP2, ya watoto wa chekechea!"

Mikono yote ilikuwa juu. Walikuwa na haki, kwani ni neno wanalonichosha nalo kila siku wakitaka kwenda chooni. Msichana ambaye hajawahi kushindwa alikuwa ameshindwa vibaya, na mbele ya watu. Nikachukua kifutio. Lakini nilipomwangalia, alikuwa anatabasamu.

"Haya, tunga sentensi," nikamwambia.

"Daktari amempa mama yangu ruhusa ya kurudi nyumbani. Jana tumelala naye."

Mikono ikashuka mmoja baada ya mwingine. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikamshukuru kwa sauti, jambo ambalo huwa sifanyi darasani. Kifutio nikakirudisha mezani. Siku hiyo darasa langu halikujifunza neno lolote jipya, na sikujali hata kidogo.