Jedwali la Miaka ya Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya: siku nilipokaa mezani, mbali na hapa Kamina, nikapiga hesabu ya miaka iliyombakia mama yangu kuishi.

Usishtuke. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya mpaka nywele zikageuka mvi. Nilichunguza jinsi watu wanavyoongezeka katika nchi: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, wangapi wanahama, na hayo yote nikayaandika kwa hesabu ili tujue wajukuu wetu watakuwa wangapi. Hapa mtaani walinicheka sana. Walisema Mwadi wa Mama Régine amesoma miaka yote ile ili aje kuhesabu watu kama anavyohesabu kuku. Mimi nilijibu kwamba hata kuku asiyehesabiwa huliwa na jirani.

Mama mwenyewe hakuipenda kazi ile. Kwetu, watoto hawahesabiwi kwa kidole. Muulize mama yeyote ana watoto wangapi, hatakupa namba, atakupa majina, kuanzia wa kwanza, na waliokufa atawataja pamoja na walio hai. Nilipokuwa mwanafunzi nilizunguka vijiji vya njia ya Mulongo na fomu zangu, na kila nyumba ilikuwa hivyo. Mimi nataka namba, wao wananipa majina. Nilikasirika kimoyomoyo, maana jua lilikuwa linaniishia. Ujana una haraka zake, na haraka haraka haina baraka.

Baadaye nikapata kazi Ulaya. Nilisema naenda miaka miwili. Ikawa minne, ikawa mingi. Kulikuwa na hesabu moja iliyonishika shingo: kwa nini nchi yenye vijana wengi huendelea kuongezeka hata baada ya mama zake kuanza kuzaa watoto wachache. Nilitaka kuimaliza kwanza, kisha nirudi. Mama alipiga simu karibu kila mwezi, akiniuliza nitakuja lini. Nami kila mara nilimwambia mwakani.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtu asiyesoma asingelifanya. Katika kazi yetu kuna jedwali linaloonyesha, kwa kila umri, miaka ambayo watu wa umri huo bado wanaishi kwa wastani. Nililichukua, nikatafuta mstari wa mama yangu, nikaona kumebaki miaka ya kutosha. Moyo ukatulia. Nikafunga kitabu na kurudi kwenye hesabu yangu, na usingizi nikapata. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, lakini mimi nilikuwa na jedwali.

Muda si mrefu mama akapiga simu tena. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisema anachoka akienda kisimani, na kwamba anaona siku zake zinaisha. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikamwambia asiwe na hofu, nimeshapiga hesabu na bado ana miaka mingi. Akaniuliza:

“Hiyo hesabu, Mwadi, ulihesabia minyi, ao ulihesabia bantu?”

Nikamweleza kwamba sikumhesabu yeye peke yake, ni hesabu ya wanawake wote wa umri wake, wote kwa pamoja.

“Aya,” alisema. “Bale bamama bote, minyi sibajue.”

Nilidhani anatania. Kumbe katika maneno machache alikuwa ameniambia jambo ambalo walimu wangu waliniambia darasani siku ya kwanza, nami nikaliandika daftarini bila kulisikia: kwamba wastani ni wa wengi, hauna mama.

Mama hakuzimaliza mvua za mwaka ule. Nilipopata habari, nilipanda ndege, kisha treni kutoka Lubumbashi, na treni ikakwama Luena siku mbili. Nilikaa pale stesheni na sanduku langu, nikitazama reli, nikiomba kama mtoto. Nilifika Kamina wamekwisha kumzika. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshazaliwa.

Kwenye kilio nilikaa mkekani karibu na Mama Umba, dada mkubwa wa mama. Ni yeye aliyenieleza kilichotokea miezi michache kabla. Vijana wa kuandikisha watu walipita nyumba kwa nyumba, wakamkuta mama uani anaanika mihogo. Kijana mmoja akamuuliza nani wanaoishi katika nyumba ile. Mama akataja jina lake, kisha langu. Kijana akauliza nimelala humo lini mara ya mwisho. Mama akamwambia aandike tu. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba aliyeondoka zaidi ya nusu mwaka hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba hiyo, ataandikwa huko aliko.

Mwanangu, kanuni ile naijua. Nimeifundisha miaka na miaka, na ni ya haki, maana bila hiyo mtu mmoja ataandikwa mara mbili. Lakini pale mkekani nilitamani ardhi inimeze.

Mama aliinuka, akamshika kijana mkono, akampeleka chumbani kwangu. Mama Umba alikuwapo, na maneno ya mama aliyakumbuka vilevile:

“Ona, kitanda yake njo hii. Ninatandika kila siku ya Mungu. Andika Mwadi.”

Kijana hakuandika. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri, kama mimi mwenyewe ningemfundisha. Mama akamshukuru, akampa mahindi ya kuchoma ya kula njiani, akarudi kwenye mihogo yake.

Mama Umba alipomaliza nilidhani atanigombeza mbele ya watu, nami nilitaka anigombeze. Hakupandisha sauti. Alinifuta machozi kwa kitenge chake, akasema:

“Weye unajua hesabu ya bantu ya dunia yote. Mama yako alikuwaka anahesabia muntu mumoja tu, njo weye. Na hakukuonaka.”

Tangu siku ile nimeishi hapa. Hesabu niliimaliza, na ni nzuri, siidharau. Inawaonyesha wakubwa pale patakapohitajika shule na nyumba za kuzalia, nami nawafundisha vijana wa hapa kuipiga. Lakini hamu ya kumwona mama haijaniisha. Jioni nikisikia mtu anasonga bukari, ugali wetu, nyumba ya jirani, mwiko unagonga sufuria, mwili wangu unainuka wenyewe kabla akili haijakumbuka. Nina hamu hata na yale maswali yake ya simu yaliyokuwa yakinichosha. Ningejibu leo hata mara mia.

Basi wewe unayekwenda mbali kusoma, nenda, wala usikatishwe tamaa na bibi mwenye majonzi kama mimi. Soma mpaka wanaokufundisha wakuogope. Jifunze namba, maana nchi isiyojijua idadi hupanga gizani. Ila ukitaka kujua habari za watu wengi, uliza jedwali. Ukitaka kujua habari za mama yako, mpigie simu, na akikwambia amechoka, mwamini. Anayekuuliza utakuja lini usimjibu kwa mwaka, mjibu kwa siku na tarehe, kisha ukate tiketi. Kazi unayotaka kuimaliza kwanza itakungoja, haizeeki. Mzazi anazeeka hata ukiwa umelala.

Mungu akupe akili ya kwenda na miguu ya kurudi. Akutunzie wanaokungoja, wawe hai siku utakapobisha hodi, tena wawe na nguvu za kutosha za kukugombeza kwa kuchelewa.