Bima ya Wakili na Kofia Iliyoungua

Mume wangu alipofariki aliniachia kibanda cha udobi Mji Mkongwe: pasi mbili za makaa, meza moja, na wateja waliozoea kumlaumu yeye. Lawama zote zikahamia kwangu. Kwa hivyo alipokuja bwana mmoja wa bima na mkoba wake, mie sikuhitaji kubembelezwa.

Alikuwa na bima mbili. Moja ya moto, nyengine ya wakili: mteja akikushitaki, kampuni inakulipia wakili wa kukusemea mahakamani. Uwezo wangu ulikuwa wa moja tu. Dada yangu akanijia juu. "We una akili kweli? Kutwa unapuliza makaa, halafu unaiacha ya moto?"

"Moto nnaujua," nikamjibu. "Watu ndio siwawezi."

Nikatia saini ya wakili, nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima.

Ilikuwa na sharti moja. Mtu akilalamika, nisikiri kosa wala nisiombe radhi, maana radhi ni ushahidi. Nimwambie tu aonane na wakili wangu. Niliona jambo jepesi hilo. Nani aliyewahi kunisikia mie nnaomba radhi?

Haikupita miezi miwili, pasi ikatema cheche juu ya kofia ya mzee mmoja, jirani yetu wa uchochoro wa nyuma. Kofia ya kushonwa kwa mkono, tundu ndogondogo kote. Ikaungua ubavuni, doa la ukubwa wa kunde. Kosa langu tupu: nilikuwa nnagombana na muuza makaa, pasi nimeinyanyua bila ya kuitazama.

Mzee alipokuja kuichukua aliigeuzageuza, akaniuliza kwa upole, "Bi, imekuwaje hii?"

Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. "Kaonane na wakili wangu."

Loo! Uso aliokunja siusahau. Mtu nnayemwamkia shikamoo kila asubuhi! Akarudi siku ya pili, akarudi ya tatu, na mie ni wakili, wakili, kama kasuku. Ya nne hakuja kwangu, alikwenda kunishitaki. Akaomba kibanda kifungwe nisije nikaharibu vya wenzake. Na kibanda kile ndicho kilichokuwa kikinilisha mie na wanangu wawili.

Sasa, kumbe siku zile serikali ilikuwa imezigeuza mahakama. Kesi zinahukumiwa na watu watatu, raia kama sisi, na mawakili hawaruhusiwi kusema humo ndani. Nikamkimbilia bwana wa bima, roho mkononi. Akafungua makaratasi yake, akayasoma taratibu, akaniambia nisiwe na wasiwasi: bima yangu nzima kabisa, wakili ninaye, ila hana pa kunisemea. Akanikumbusha na malipo ya mwaka unaokuja. Nilimtukana tusi ambalo mpaka leo nalionea haya.

Siku ya kesi mahakimu watatu walikaa mbele, kila mmoja na kofia yake, na mbili katika hizo nimezifua mie. Mzee akaulizwa kwa nini asinunue kofia nyengine, yakaisha.

"Hii kaishona mke wangu," akasema. "Alikuwa mgonjwa, anashona kidogo kidogo. Kaimaliza, kisha akafa. Sikuja kwa ajili ya kofia mpya. Nimekwenda kwa huyu bibi mara tatu, na hata pole hakunambia."

Hapo bima, sharti na kampuni vyote vilinitoka kichwani. Nilisimama wala sijaitwa.

"Nimeiunguza mie, mzee wangu. Pasi ilikuwa mkononi na akili ilikuwa kwenye ugomvi. Niwie radhi." Nililia mbele za watu, mie niliyezoea kuliza wenzangu.

Mkubwa wao akamuuliza mzee kama bado anataka kibanda kifungwe. Nilikuwa nawawaza wanangu, watakula nini. Kisha mzee akaitoa ile kofia mfukoni, akaja mpaka niliposimama, akanipa mkononi.

"Ifue," akasema. "Nnaitaka Ijumaa."